Daraja Tunalo, Siti Hatuna

Mfyuu! Hebu nisogezee hilo benchi, kaka, nikae kama binadamu. Tangu Buhongwa mpaka hapa Busisi sijakaa, nimekunjwa tu.

Nilichopanda kutoka mjini hakikuwa gari. Lilikuwa kopo la dagaa lenye namba za usajili. Nikapewa siti ile ya kwenye njia, ya kukunja, iliyokatika mgongo na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Mnaijua. Ukikaa hapo wewe si abiria tena, ni mlango. Usagara anashuka mtu wa siti ya nyuma: inuka, kunja, toka nje, ingia, kunjua, kaa. Kigongo wanashuka wawili, nao hawakai pamoja: inuka, kunja. Tulipopanda darajani, pale ambapo kila mgeni anatoa simu apige picha ya ziwa, mimi nilikuwa natazama kwapa la jamaa mmoja mrefu aliyesimama kwa kuinama, kichwa chake kikiegemea paa na sharubu zake zikinigusa paji la uso. Nauli yangu sawa na ya yule wa dirishani. Nikamwambia konda, "Mdogo wangu, hii siti ina bei gani kwani?" Akanijibu, "Mzee, kufika si utafika?"

Nikafika. Ndiyo nimefika, na magoti yangu yako njiani yanakuja.

Sasa nakuta kijiwe kizima kimeinamia simu ya huyu dogo wa bodaboda, hata kahawa imepoa. Nikadhani ni mpira. Kumbe ni treni ya Japani. Treni imesimama stesheni, ndani hakuna mtu, siti zimepangwa pembeni zikiwa zimeyapa madirisha mgongo, safu huku na safu kule, kama wazee kwenye turubai la msiba. Halafu, bila mtu kuzigusa, zikageuka. Mbilimbili, zote kwa pamoja, kama mgambo aliyepigiwa amri, zikatulia zikiwa zimetazama mbele kama siti za basi la Bukoba.

Fundi viatu akasema ni majini. Muuza kahawa, ambaye kila kitu anakijua kabla hakijatokea, akasema ni umeme. Safari hii mzee kapatia. Mhudumu anabonyeza swichi tu, behewa zima linabadilika sura.

Jambo lenyewe wala si geni huko. Kampuni ya Kintetsu, ya upande wa Osaka, ilianza na siti za namna hiyo mwaka 1996. Tobu wakaja nazo Juni 2008, treni yao ya jioni inayotoka Ikebukuro, Tokyo. Kisha ikawa kama mashindano ya mitumbwi: Seibu mwaka 2017, Keio Februari 2018 kutoka Shinjuku, Tokyu Desemba mwaka huohuo, wao wakatenga behewa moja tu kati ya saba. Hizo zote ni kampuni binafsi. Kila moja ina reli yake, na mara nyingi kampuni hiyohiyo inayokuuzia tiketi ndiyo iliyouza viwanja na kujenga nyumba kando ya reli, na duka kubwa la pale stesheni ni lake. Inakujua unapoamka, unapokula na saa unayorudi umechoka. Ndiyo maana inajua na bei ya uchovu wako.

Maana siri yote iko hapo. Asubuhi watu ni wengi kama kumbikumbi, kwa hiyo siti zinakaa pembeni, katikati wanasimama watu. Wazee wa Dar wanaokumbuka chai maharage watanielewa: yale magari ya kukaa mmeangaliana, goti kwa goti, mabenchi mawili na katikati msitu wa miguu. Jioni mtu wa ofisini anatoka hoi, ana saa nzima mpaka kwake, yuko tayari kuongeza hela kidogo ili akae, atazame mbele, achaji simu, asinzie. Basi siti zinageuzwa, zinapewa namba, zinauzwa. Keio walipoanza waliongeza yeni 400 juu ya nauli, kwa hela yetu ya sasa kama elfu sita na ushee. Behewa ni lilelile, linafanya kazi mbili kwa siku, kama mwalimu wa sekondari anayefuga kuku.

Hapo ndipo niliposonya mara ya pili. Dogo akadhani namsonya Mjapani. Hapana, mwanangu. Nilikuwa nawasonya ninyi mnaoshangaa.

Siti inayogeuka mnaishangaa nini? Hapa si ndiyo nyumbani kwake? Hiace Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1967. Probox wameileta 2002, kagari ka kupelekea vifurushi vya dukani na fundi na toolboksi lake. Aliyeichora alipiga hesabu ya watu watano na mzigo wao, akaenda nyumbani kwake kulala. Masikini hakujua kwamba kagari kake katavuka bahari kaje kuitwa mchomoko. Njoo umwoneshe mchomoko unaotoka Sengerema siku ya mnada. Mbele wawili, na pembeni ya dereva kwenye siti yake anakaa mtu mwingine, dereva anaendesha kwa ubavu kama anayechungulia dirishani. Katikati wanne, na watoto ambao hawahesabiwi kwa sababu wamepakatwa. Kwenye buti, mahali pa toolboksi, watu wazima watatu wenye akili zao timamu wametazama nyuma, wanaiaga Sengerema mpaka inapotelea. Buti imekuwa siti. Breki ya mkono imekuwa siti. Paja la mtu usiyemjua limekuwa siti. Na likionekana shati jeupe la trafiki kwa mbali, abiria wa ziada wanashushwa, wanapandishwa boda, wanapita mbele ya afande wakiwa raia wema, halafu wanarudishwa butini kwenye kona. Japani wanayo treni ya namna hiyo?

Ila tofauti ni moja, na ndiyo inayonichoma. Mjapani saa ya msongamano analipa zaidi ili apate nafasi kubwa. Wewe saa ya msongamano unalipa vilevile, na siku ya sikukuu unalipa zaidi, ili upate nafasi ndogo. Kule siti ikigeuka umepata namba yako na hakuna wa kukuinua. Huku siti ikigeuka, wewe ndiye umegeuzwa.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Kenya walikuwa na kipande cha ubao, wanakiita sambaza, kinalazwa kati ya siti mbili za matatu, mtu wa ziada anakaa hewani. Ikabidi waziri wao, John Michuki, aje na sheria zake zilizoanza Februari 1, 2004: kila abiria siti yake, kila siti mkanda wake, matatu ndogo mwisho abiria 14. Zile siku za mwanzo watu walitembea kwa miguu Nairobi nzima, magari yameegeshwa kwa hasira, lakini matatu zilipaka mstari wa njano na zikafuata. Kwetu mwaka 2020, corona ilipoingia, Dar wakaambiwa levo siti, hakuna kusimama. Ikawezekana! Daladala zilezile, makonda walewale, mlango ukafungwa siti zikijaa. Kisha hofu ikapungua, na levo siti ikaondoka nayo. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Niambieni hamtaki.

Hapa Busisi tulikuwa na shule yetu ya kukaa na kusimama, na walimu wake walikuwa MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza. Nani hapa hakuvuka nacho kivuko? Basi linafika Kigongo, abiria wote chini, mnatembea kwa miguu mpaka getini, mnaingia kwa mkumbo, basi linapanda peke yake kama bwana harusi. Ndani ya maji hakukuwa na daraja la kwanza wala la tatu. Bosi wa mgodini Geita kasimama na suti, pembeni yake mama ana ndoo ya dagaa, nyuma yake mbuzi wa mtu, wote mnapigwa na upepo uleule na wote mnauziwa yai la kuchemsha kwa bei ileile. Nusu saa majini, na foleni kabla ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Kulikuwa na usawa, ndiyo. Lakini usawa wa kukaa foleni usinipambie. Nimeona mgonjwa kwenye gari anasubiri kivuko kilicho upande wa pili, na ndugu zake wanatazama maji kama wanaweza kuyaamrisha.

Kwa hiyo daraja lilipofunguliwa na Rais Samia Juni 19, 2025, nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele, mwanaume mzima. Kilomita tatu juu ya ziwa, upana mita 28.45, shilingi zaidi ya bilioni 700. Dakika chache umeshatokea ng'ambo. Anayetamani foleni irudi ni yule mama wa mayai tu.

Lakini angalieni tulichofanya. Tumejenga barabara ya kupita juu ya maji, halafu tukaipitisha ileile Hiace yenye siti ya mpira wa tyubu. Bilioni mia saba zimetandikwa chini ya matairi. Juu ya matairi hakuna aliyegusa kitu. Foleni tumeitoa Kigongo tukaihamishia ndani ya gari.

Mama lishe, ambaye hupenda kusikiliza huku akigeuza sato kwenye mafuta kana kwamba hasikii, akaweka upawa chini. Akasema, "Baba, huyo Mjapani wako aliyelipia siti amekaa. Sawa. Na yule asiye na hizo yeni? Si amezidi kubanwa, maana mwenzake amechukua sehemu ya watu watatu?"

Kijiwe kikanyamaza. Hata bao likasimama.

Mama kasema kweli, nami sitaipaka sukari. Behewa la siti za kulipia linabeba watu wachache kuliko behewa la kusimama. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Aliyekosa anakwenda kubanana kwenye mabehewa mengine. Ndiyo maana si kampuni zote zimefanya ile ya kuuza. Kintetsu, walewale wa mwaka 1996, Oktoba 2024 wametoa treni mpya ya abiria wa kila siku, na siti zake zinageuka kwa swichi kutegemea saa, lakini hawaongezi hata yeni moja. Asubuhi pembeni, mchana watu wakiwa wachache zinatazama mbele. Tena wameacha sehemu wazi karibu na milango, ya mama mwenye kigari cha mtoto na mtu mwenye begi kubwa. Nikamwambia mama lishe, hiyo ndiyo yako. Akajibu, "Ndoo yangu ya dagaa inaingia hapo?" Inaingia, mama. Inaingia na mfuniko wake.

Akarudi kwenye sato wake. Ila alikuwa ameshinda, na kila mtu alijua.

Niseme na jambo moja kwa sauti ya chini, maana haya si ya kuchekea. Ukanda huu wa ziwa ndio ungekuwa wa mwisho Tanzania kudharau kuhesabu watu. Tulizika mamia Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Tukaapa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka pale Ukara, kivuko cha kubeba watu 101, na waliokufa peke yao wakazidi 220. Siku ya gulio. Kila mmoja wao aliambiwa, kwa namna moja au nyingine, "Ingia, nafasi ipo." Mimi konda akiniambia nafasi ipo, huwa nasikia maji.

Tuendelee. Dogo akauliza swali la maana kuliko yote aliyowahi kuuliza tangu anunuliwe hiyo pikipiki: sisi treni yetu ikija, siti zitakuwaje?

Maana inakuja. Jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR, ya Mwanza mpaka Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 14, 2021. Haivuki kuja huku kwetu, sisi tutaifuata ng'ambo ya daraja, lakini kwa mtu aliyeshazoea kusubiri kivuko hiyo ni jirani. Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo babu zetu walishapanda treni kabla hatujajua lami.

Kule Dar na Dodoma wenzetu wameshaonja. Treni ilianza Julai 2024 kufika Dodoma, nauli ya kawaida ikiwa 31,000, tiketi ina jina lako na namba ya siti yako, na ukikuta mtu amekalia, anainuka. Hicho tu, kwa mtu wa mchomoko, ni muujiza kuliko umeme. Baadaye likaja lile treni la mdomo mrefu, Mchongoko, nalo lina daraja la kawaida, daraja la biashara, na juu yake Royal. Hapo muuza kahawa akacheka mpaka akamwaga: "Sisi tumelia miaka yote tupewe daraja. Tumepewa moja la zege, sasa yanakuja matatu ya siti!"

Sina ugomvi na Royal. Mwenye nacho akae, anyooshe miguu, aletewe na juisi. Ninachogombana nacho ni kudhani kwamba siti ni jambo la mwenye nacho. Siti ya SGR ya kwenda mbali ni nzuri. Lakini mtu wa hapa haendi Dodoma kila siku. Anakwenda mjini alfajiri na kurudi jioni. Anatoka Misungwi na matenga ya nyanya, anatoka Fela na kuku, mwalimu anatoka Nyegezi anakwenda kinyume chao wote. Dar walionja kidogo ladha ya treni ya kwenda na kurudi kila siku Oktoba 2012, ile ya Ubungo mpaka Stesheni, ikaitwa treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Mabehewa ya zamani, wala hayakugeuka chochote, na watu waliyajaza kwa sababu moja: yalifika.

Sasa mimi, mtu wa kijiweni nisiye na cheo, naomba treni ya namna hiyo Mwanza, na siti zake ndizo nataka zigeuke. Lakini zisigeuke Kijapani. Shida ya Tokyo jioni ni mtu wa ofisi aliyechoka. Shida yetu alfajiri ni mzigo. Mama wa dagaa, mama wa nyanya, kijana wa mitumba anayerudi na belo, hawa ndio abiria wetu wa saa kumi na mbili, na basi linawachukulia kama uchafu: ndoo itupwe juu ya paa, tenga lilipiwe siti, mama mwenyewe asimame. Basi behewa moja lije asubuhi siti zimekunjwa zote ukutani, sakafu wazi, mama na ndoo yake wamesimama pamoja kwa heshima. Jioni ndoo tupu zimepachikwa moja ndani ya nyingine, siti zinashushwa, mama anakaa anatazama mbele, miguu imenyooka, hela yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Na bei iandikwe mlangoni, isitoke mdomoni mwa konda.

Fundi viatu akapinga, kama ada yake. Akasema umeme wa kugeuza siti ukikatika katikati ya zoezi, nusu ya abiria watafika Shinyanga wakitazama choo. Nikamwambia sihitaji umeme. Nahitaji bawaba. Mtu anayeweza kukunja siti ya Hiace kwa goti huku akipokea nauli na kumtukana mwendesha boda, huyo mpeni bawaba moja nzuri, behewa zima atalikunja kabla treni haijapiga honi.

Ndugu zetu wa Shirika la Reli, kama kuna mmoja wenu anapita hapa kuja kupiga picha daraja, ashuke kwenye hilo gari lenye kiyoyozi, anywe kahawa yetu, kisha arudi Mwanza kwa mchomoko. Siti ya butini. Nitamlipia mimi nauli. Atakapofika Usagara atakuwa ameshajua mabehewa ya kuagiza.

Haya, oneni, mchomoko wa saa kumi na mbili huo unapita. Ngojeni nihesabu. Mbele watatu, dereva akiwemo, katikati watano, buti wanne. Kumi na wawili, na jogoo amekaa dirishani.